Uzi wa Kwanza ni Mnene

Dukani, 2 Machi

Kitinda mwanangu,

Kwanza nijibu lile la simu. Jumapili ulipiga, ukasema maneno mengi, na katikati ya maneno hayo ukaniambia duka la babu yako liwe la viatu. Viatu! Nilikata simu kwa sababu ningeendelea kuishika ningekutukana, na mimi sijawahi kumtukana mtoto wa mdogo wangu. Sasa nakuandikia nikiwa nimetulia. Jibu ni hapana. Nimeuza nyuzi za gitaa tangu nikiwa na kiuno, na nitaziuza mpaka siku nitakayobebwa. Anayetaka viatu aende kwa wauza viatu.

Na hiyo simu uache. Siku hizi inakwaruza tu, sijui mtandao, sijui nini. Ukiwa na neno, andika. Mwandiko wako ni mbaya lakini nauelewa.

Pili, nikuchekeshe. Mwalimu wa kwaya unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa anakupa peremende ukimwimbia. Ana miezi minne hajakanyaga hapa. Juzi nafagia mlangoni, namwona anapita upande wa pili wa barabara, bahasha kwapani, anajifanya hanioni. Nikamwita. Nikamwita tena. Akavuka, uso umemshuka. Nikauliza bahasha ya nini, akaifungua. Nyuzi! Kanunua mtandaoni, tena kwa hao hao mabosi wako.

Nikamwambia mwaga kwenye kaunta tuone. Akamwaga. Kitinda, zilikuwa pakiti kumi, na zote kumi ni uzi ule ule mwembamba, wa chini kabisa. Yeye gitaa lake limekatika uzi mnene! Kaingia kwenye simu yake, kaona wameandika wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita, kabonyeza wa kwanza. Kumi kwa mpigo, eti akiba. Weee! Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kreti. Yeye hakucheka. Alisema kitu taratibu huku anaangalia viatu vyake, nikamjibu ndiyo ndiyo, salimia nyumbani.

Nikampa uzi mnene mmoja, nikamwambia lete na gitaa nikufungie nikuwekee sauti, kama siku zote. Akatikisa kichwa haraka haraka, hapana mama, atafunga mwenyewe. Tangu lini mtu yule anajua kufunga uzi? Huo mtandao wenu unawafundisha watu kiburi.

Kula vizuri. Usiniandikie habari za viatu.

Shangazi yako,
mwenye duka


Bohari, 9 Machi

Shangazi, shikamoo.

Barua yako nimeisoma wakati wa chai, nikacheka mpaka wenzangu wakasogea kuniuliza nimefiwa na nani. Halafu leo asubuhi nikaacha kucheka, maana zile pakiti kumi za mwalimu zimefika mezani kwangu.

Hujawahi kuniuliza nafanya nini hasa huku. Unasema tu nawafanyia kazi wezi. Nipo kitengo cha marejesho, Shangazi. Mtu akirudisha mzigo, mimi ndiye ninayeufungua, ninasoma sababu aliyoandika, ninapiga muhuri, ninarudisha kitu rafuni. Meza yangu iko chini ya feni isiyozunguka. Na kwa miezi minne sasa, kreti linalojaa kuliko yote ni la mji wetu. Wote kosa moja: wameagiza wa kwanza wakaletewa mwembamba, au wameagiza wa sita wakaletewa mnene. Mwezi uliopita meneja akaitisha kikao, akauliza huu mji ni wa matapeli au vipi.

Ikabidi nisimame mbele ya watu nieleze. Kwamba babu yangu alipofungua duka alilaza gitaa pajani, akalitazama kutoka juu, uzi wa kwanza kuuona ukawa ule mnene. Akauita kifungua mimba, jina la bintiye mkubwa, ambaye ni wewe. Akashuka mmoja mmoja mpaka ule mwembamba wa mwisho, akauita kitindamimba, jina ambalo baadaye nikapewa mimi. Na mji mzima ukajifunzia gitaa kwenye kaunta ile. Watu walicheka, Shangazi. Dunia nzima inahesabu kutoka chini, sisi peke yetu tunahesabu kutoka juu. Mimi mwenyewe wiki yangu ya kwanza hapa nilipanga rafu nzima kichwa chini, wakaniita Bibi Kinyume. Wananiita hivyo hadi leo.

Sasa lile la Jumapili. SIKUSEMA VIATU. Nilisema kituo. Ki-tu-o. Kampuni inatafuta maduka yawe vituo vya kuchukulia mizigo. Mtu anaagiza kwenye simu, mzigo unaletwa kwako, anakuja kuuchukua. Watapaka rangi ukuta, wataleta rafu za chuma na kompyuta, na utalipwa kila mwezi hata kama hakuna mtu aliyeingia. Sharti ni moja, lisome vizuri: bidhaa zako za aina wanayouza wao unaziondoa. Yaani nyuzi.

Najua utakavyosema. Lakini nilikuja Desemba, nikakaa siku tisa dukani, na walioingia ni mtu aliyeuliza njia na paka. Mkataba nimeuweka ndani ya bahasha hii. Unasaini ukurasa wa nne. Mwisho ni tarehe 15 Aprili.

Nakupenda. Usichane.

Kitinda


Dukani, 15 Machi

We mtoto we,

Sijachana. Nimeukunja nikaubana kwenye mlango uliokuwa unapiga piga kwa upepo, karatasi yenyewe nzito nzuri.

Kituo ndiyo nini? Nikae nyuma ya kaunta ya baba yangu niwape watu maboksi ya kampuni, niseme saini hapa, asante, mwingine? Hiyo kazi hata mlango unaweza. Viatu ilikuwa afadhali. Viatu ningemwangalia mtu miguu.

Nikuambie duka ni nini, maana naona huko umesahau. Mtu anaingia, kabla hajafungua mdomo namtazama vidole. Kucha ndefu, huyu anadonoa, nampa nyuzi laini. Kidole gumba kina sugu, huyu anapiga bendi, nyuzi laini ataziua kwa wiki moja. Namwuliza gitaa lako limekaa wapi, ukutani au chini ya kitanda, kuna unyevu? Nafungua droo moja kati ya zile sita, na mpaka sasa zina mwandiko wa babu yako, kuanzia wa kwanza juu hadi wa sita chini. Namtolea uzi mmoja, maana umemkatikia mmoja. Ninyi mnamuuzia mtu kumi! Mpiga gitaa wa harusi uzi umemkatikia saa sita na bwana harusi anaingia saa nane, huyo naye abonyeze simu asubiri siku tano? Patamu hapo.

Na hesabu yetu si ya kinyume. Anayepiga gitaa analitazama kutoka juu. Aliyehesabu kutoka chini alikuwa amekaa mbele, anasikiliza tu. Kawaambie hivyo kikaoni.

Ila kuna jambo linaniuma, na wewe ndiye uliyekaa kwenye meza ya marejesho, labda unalijua. Bendi ya harusi wamehamia mtandaoni. Binti wa posta naye, niliyemfundisha kushika gitaa akiwa hajaota meno ya mbele. Ningesema ni bei, lakini bei zangu si mbaya, na wengine wanapita na bahasha hapa hapa mlangoni wakiinamisha vichwa. Mtu aliyepata cha nafuu hainamishi kichwa. Wamekimbia nini hapa? Mimi nina uchafu gani?

Hata majirani wamekuwa wa ajabu. Fundi cherehani wa mlango wa pili aliingia mwezi uliopita, akasimama, akasema neno, nikamwambia asante sana, karibu tena. Tangu siku hiyo hanisalimii. Nimemkosea nini? Sina ninalolijua.

Hapana yangu ni ile ile.

Shangazi


Bohari, 22 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nimepiga simu mara nne tangu nipate barua yako. Hupokei. Mara ya tano umepokea, nikasema "Shangazi ni mimi" mara tatu, ukasema "hakuna mtu" ukakata. Ukinikasirikia niambie nimekosa nini, usinifanyie vituko.

Kuhusu ulichouliza, wateja wako wanaporudisha mizigo huandika sababu moja tu: "si uliokusudiwa." Hakuna anayekutaja. Nimemwandikia mwalimu wa kwaya kumwuliza moja kwa moja.

Lakini niseme ukweli hata kama utanuna. Ujuzi wako naujua, mimi ni zao lake. Huo ujuzi unamwonyesha nani kwenye duka tupu? Droo ya tatu ina vumbi, niliiona. Rafu ya juu ina pakiti zilizoliwa na kutu. Unapigania nini, Shangazi? Saini. Utabaki na duka, utabaki na kaunta, utabaki na jina mlangoni.

Kitinda


Dukani, 27 Machi

Barua nimepata.

Jina mlangoni bila nyuzi ndani linaandikwa juu ya kaburi.

Shangazi


Ofisi ya kwaya, 2 Aprili

Binti yangu,

Nilipata barua yako nikakaa nayo siku sita kwenye mfuko wa koti. Umeniuliza swali la wazi, na mimi kwa umri wangu na kazi yangu ya kufundisha watoto wasiseme uongo, siwezi kukupa jibu la kuzunguka.

Mwezi wa kumi na moja tulialika kwaya tatu. Asubuhi ile nilipeleka gitaa kwa shangazi yako, Mama Nyuzi wetu, akanifungia nyuzi mpya, akaniwekea sauti. Sikulijaribu. Kwa miaka ishirini sijawahi kujaribu gitaa lililotoka mikononi mwake, nilikuwa nalichukua na kuingia nalo moja kwa moja. Nikaingia. Nikapiga. Nyuzi tatu za juu zilikuwa sawa kabisa, tatu za chini zilikuwa zimepotea kila mmoja na njia yake. Waimbaji wakaanza huku, gitaa liko kule. Watu walicheka mpaka wageni wakaona aibu kwa niaba yetu.

Sikumwambia. Nilidhani ni bahati mbaya. Baadaye tukaongea na wa bendi ya harusi, kumbe nao. Na binti wa posta, naye vile vile. Mama Nyuzi hasikii, binti yangu. Ukimsemesha akiwa anakutazama mdomo anajibu. Akigeuka umempoteza. Hakuna aliyekuwa na uso wa kumwambia. Ukienda kununua kwake lazima akufungie, na akikufungia lazima akuwekee sauti, ndiyo desturi ya duka lake, na huwezi kumnyang'anya gitaa mkononi. Basi kila mmoja akaanza kununua mtandaoni kimyakimya. Tulimkimbia kwa kumwonea haya. Tulidhani hiyo ni heshima.

Siku ile alipozikuta zile pakiti zangu kumi nilijikaza. Nilimwambia, "Mama, masikio yako yanahitaji kuangaliwa." Akanijibu, "Ndiyo ndiyo, salimia nyumbani."

Sikupata nguvu ya kurudia. Wewe ni damu yake, labda wewe unaweza.

Mwalimu wa kwaya


Bohari, 6 Aprili

Shangazi yangu, shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara tano. Nne ziko kwenye ndoo chini ya meza.

Hawajakimbia bei, wala hawajakimbia uchafu. Wamekimbia kukuambia kwamba husikii vizuri. Magitaa unayoyawekea sauti yanatoka nyuzi nene ziko sawa na nyembamba zimepotea. Mwalimu aliaibika mbele ya kwaya tatu na hakukuambia. Siku ile akiangalia viatu vyake ndiyo alikuwa anakuambia, ukamjibu asalimie nyumbani. Nami kumbe nilikuwa nakupigia simu bure. Haikuwa mtandao. Ulisikia viatu.

Nimelia kwa hasira, sijui nimemkasirikia nani. Wewe kwa kunificha, au mimi mwenyewe kwa kukaa siku tisa dukani na wewe nikadhani unanijibu ovyo kwa kuwa umezeeka na una maudhi.

Na mimi nina la kuungama. Wazo la kituo si la meneja. Nilisimama kwenye kikao kile wakicheka hesabu yetu, nikaona aibu, na nikasema shangazi yangu ana duka tupu, lifanyeni kituo, hao watu watafundishwa kuhesabu. Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu. Ndiyo maana nilikuwa nakusukuma.

Sasa nakuomba kwa sababu nyingine kabisa. Saini. Duka la nyuzi linataka masikio, Shangazi. Kituo hakitaki. Hakuna atakayekucheka ukimpa boksi lake. Bado siku tisa.

Nisamehe.

Kitinda


Dukani, 21 Aprili

Kitinda,

Siku yao ya mwisho imepita, na mimi nilikuwa na shughuli.

Barua yako ilipofika nilifunga duka. Siku tatu. Nilikaa ndani, nikachukua gitaa la babu yako, nikapiga uzi mmoja mmoja. Wa kwanza nikausikia. Wa pili, wa tatu, nikasikia. Wa nne kidogo. Wa tano ukawa mbali. Wa sita nikapiga, nikauona unatikisika, na hakuna kitu. Nikapiga tena kwa nguvu mpaka ukakatika, ukanichapa mkono. Nilijua, mwanangu. Tangu mwaka juzi najua. Nilijua na nikajifanya hamnazo, maana nilidhani mtu wa nyuzi asiyesikia ni wa kufungiwa duka, na sikutaka kuwa mimi wa kwanza kulisema. Nimelia. Sasa yameisha.

Siku ya nne nikachukua kadibodi ya boksi, nikachukua rangi nyeusi, nikaandika herufi kubwa, nikaning'iniza mlangoni:

SISIKII VIZURI.
NITAZAMENI USO MSEME KWA SAUTI, AU ANDIKENI.
NYUZI NAZIJUA KULIKO NINYI.
HAPA UZI WA KWANZA NI MNENE.

Nikaweka daftari na kalamu kwenye kaunta, nikafungua mlango wote.

Wa kwanza kuingia alikuwa fundi cherehani. Alisoma kadibodi akiwa nje, akaingia, akachukua kalamu. Akaandika: "Siku ile nilikuja kukuambia mama yangu amefariki."

Nilimwambia asante, Kitinda. Mtu kaja kuniambia amefiwa na mama, nikamwambia asante sana, karibu tena! Nikazunguka kaunta, nikamshika, nikamwomba radhi mpaka akaanza yeye kunibembeleza mimi. Hilo litaniuma kuliko masikio. Nawe kama kuna ulemavu wowote unaowaficha wenzako hapo, useme leo. Ona kilichotokea kwangu.

Mwalimu wa kwaya nikamfuata mwenyewe ofisini kwake. Sikungoja. Nikamwambia mbele ya wanakwaya wake: miaka ishirini nakufungia nyuzi, umeshindwa kuniambia kitu kimoja? Uliona bora unipite barabarani na bahasha kama mtu aliyeiba kuku? Akaandika kwenye ubao, "Tulikuonea haya." Nikamwambia haya hizo zimenifilisi zaidi ya mtandao. Mkitaka kuniheshimu niambieni gitaa limepotea sauti, nami nitawaambia lirudisheni. Nikamwambia kesho saa nne nataka magitaa yote ya mji huu dukani kwangu.

Wakaja, mwanangu. Si yote, lakini benchi la nje lilijaa. Binti wa posta alikuja na la kwake na machozi juu. Kufunga nafunga mimi, vidole vyangu havijawahi kuwa viziwi. Kisha nalaza kidevu juu ya ubao wa gitaa, hapa kwenye mfupa, napiga. Nene zote zinanijia mpaka kwenye meno. Nikiweka mnene sawa, namrudishia mwenyewe aweke nyembamba kwa masikio yake, hapo hapo kaunta, mbele yangu, na asiyejua nafundisha. Mpiga gitaa wa bendi ya harusi amepiga miaka kumi hajui kuliweka sauti gitaa lake! Nilikuwa nawalemaza, kumbe. Sasa wanajifunza kwa lazima.

Mashine ya sikio nimeambiwa iko hospitali. Nitaenda nikitaka, si kwa sababu barua imeniamuru.

Wapo watakaoendelea kununua kwenu, nami sijafunga mtu kamba. Anunue huko, aje nimcheke. Mkataba huu hapa naurudisha. Nimejaza ukurasa wa nne.

Na wewe, usinihurumie. Umenisema vibaya kikaoni ukaungama, yameisha. Lakini uliposema duka la nyuzi linataka masikio ulikosea, na hilo sijakusamehe bado.

Shangazi yako,
Kifungua Mimba


Bohari, 28 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Ukurasa wa nne umefika. Pale pa kusaini umeandika HAPANA kwa rangi nyeusi mpaka imetokea ukurasa wa sita. Nimeupeleka kwa meneja jinsi ulivyo. Akauliza huyu mama ana matatizo gani. Nikamwambia hasikii vizuri, na ninyi hamkuzungumza naye kwa sauti.

Akataka duka lingine mtaa ule ule. Akasema mimi naujua mji, nimtajie lipi lina njaa. Nilisema hapana. Sikujua kama sauti yangu inaweza kuwa nene hivyo. Kesho yake wamenitoa marejesho, wamenipeleka chini kupanga maboksi. Ni sawa. Huku chini feni inazunguka.

Kabla sijaondoka kwenye ile meza, kreti la mji wetu lilikuwa limepungua mpaka nusu. Nimeona nikuambie.

Lile ulilosema hujanisamehe, silazimishi. Ila gitaa langu limekaa ukutani mwaka mzima bila uzi wa juu. Humu bohari nyuzi zimenizunguka mpaka darini, ningeweza kuchukua kwa bei ya mfanyakazi. Sitaki. Nakuagiza wewe, kwa mkono wangu, kwa hesabu ya kwetu.

Nitumie wa kwanza mmoja.

Kitinda


Dukani, 5 Mei

Kitinda mwanangu,

Umeagiza vizuri. Uzi wako ndio huu, nimeuzungusha ndani ya karatasi usijikunje. Mnene, wa kwanza, droo ya juu. Ukishaufunga laza kidevu kwenye gitaa upige. Hivyo ndivyo ninavyosikia mimi siku hizi, na si pabaya.

Nimekuwekea na mwembamba mmoja ambao hukuagiza. Nimeuchagua kwa vidole. Sauti yake siijui tena, na ya kwako kwenye simu siijui pia, ni nyembamba mno, ndiyo maana nikasikia viatu. Hilo sikukuandikia mapema kwa sababu liliniuma kuliko yote.

Sasa sikiliza. Sikuombi uje. Ukija kwa huruma nitakurudisha na basi lile lile. Lakini droo za juu nimezishika mimi, na watu nimewapanga, na kadibodi iko mlangoni. Droo ya sita, ya nyembamba nisizozisikia, ndiyo haina mtu. Waliojifunza wanaibahatisha, na mimi nawatazama tu midomo. Inataka mwenye sikio jembamba aliyezaliwa kwenye kaunta hii, anayejua kuhesabu kutoka juu.

Sikuombi. Nakuambia tu ipo wazi. Duka linafunguliwa saa mbili.

Shangazi yako